Mashine ya Boti Kuukuu Ikikosa Moto

Mashine ya boti iliyokula chumvi kwa miaka ishirini, iwe inasukuma mashua ya uvuvi pale Mtongwe au boti ya kuzungusha wageni katika hori ya Mtwapa, ikigoma kuwaka mara nyingi kosa si la pistoni wala gia. Imekosa moto. Plagi hazipigi, au zinapiga kwa unyonge, au moja inapiga na nyingine imelala. Hapo ndipo pesa hupotea ovyo. Mwenye boti huambiwa na mtu wa kwanza kupita kwamba limekufa sanduku la CDI, lile linalohifadhi umeme na kuuachia kwenye plagi kwa wakati wake. Analitafuta, analinunua kwa bei ya kuumiza, analifunga, na mashine inabaki vilevile kwa sababu waya wa swichi ya kuzimia ulichubuka na unagusa chuma. Na vifaa vya umeme vikishafungwa, duka halivipokei tena.

Kwa hivyo hapa tutafuata njia moja: kinachopimwa bure kipimwe kwanza, kinachonunuliwa kiwe cha mwisho. Sanduku la CDI lilaumiwe baada ya vyote vinavyolizunguka kusafishwa na kupimwa.

Moto unatoka wapi

Mashine nyingi hizi hazihitaji betri ili plagi zipige. Ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu unalolizungusha kwa kamba, kuna sumaku. Zikipita mbele ya koili zilizofungwa chini yake, umeme huzaliwa. Kwenye mashine za zamani zaidi, kama Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 na 1960, umeme huo hukatwa na pointi, vyuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga, vikisaidiwa na kondensa, kifaa kidogo kinachozuia pointi zisiungue. Kwenye mashine za CDI, kama Yamaha Enduro za kuchanganya oili na petroli ambazo zimejaa pwani yetu, pointi hazipo. Koili ya chini ya flaiwili hulijaza sanduku la CDI volti mia kadhaa. Koili nyingine ndogo, palsa, huliambia sanduku wakati wa kuachia. Kisha koili ya nje huukuza umeme huo hadi volti 20,000 na zaidi ndipo uruke kwenye plagi.

Kuna jambo ambalo waliozoea magari hulikosa. Gari huzimwa kwa kukata umeme. Mashine nyingi za boti huzimwa kwa kuupeleka umeme kwenye athi: ukibonyeza swichi, waya wa kuzimia hugusana na chuma cha mashine na moto huishia hapo. Maana yake, waya huo ukikatika, mashine haizimiki. Ukichubuka na kugusa chuma, mashine haiwaki, hata kama kila kifaa ni kizima. Likumbuke hili, nusu ya kazi iko hapo.

Kwanza hakikisha ni umeme

Muulize aliyekuwa nayo baharini ilikufa vipi. Mashine inayokosa mafuta hufa polepole: hupungua nguvu, hukohoa, huinuka kidogo ukiiminya pampu ya mkono, kisha hulala. Iliyokatika umeme hunyamaza papo hapo, kana kwamba mtu ameibonyeza swichi.

Halafu toa plagi uzitazame. Zikiwa zimelowa petroli baada ya kuvuta kamba mara kadhaa, mafuta yanafika na moto ndio unaokosekana, au umevuta na choki hadi ikafurika. Zikiwa kavu kabisa, uache umeme. Nenda kwenye tangi, mpira wa mafuta na kabureta. Plagi nyeusi yenye utelezi mzito inaonyesha oili imezidi. Nyingi kati ya mashine hizi hutaka petroli 50 kwa oili 1, na kuna wanaoongeza oili wakidhani wanailinda mashine. Hawailindi, wanaizima plagi.

Kupima moto ni kurusha cheche mahali penye mvuke wa petroli, na boti zimewahi kuungua kwa hilo. Chomoa mpira wa mafuta, litoe tangi botini, futa kilichomwagika, funika matundu ya plagi kwa kitambaa. Gia iwe nyutro. Usimweke mtu karibu na propela. Na usivute kamba wakati waya wa plagi unaning'inia hewani: umeme uliokosa pa kutokea hujitafutia njia ndani ya koili au ndani ya CDI, na unaweza kukiua kifaa kizima kwa jaribio lako mwenyewe.

Kulaza plagi kwenye kichwa cha silinda kunaonyesha kama moto upo. Hakuonyeshi kama unatosha, kwa sababu ndani ya silinda hewa imebanwa na cheche hupata tabu kuruka. Kipimo kizuri ni mwanya mkubwa zaidi: misumari miwili kwenye kipande cha ubao mkavu, mmoja umeunganishwa na waya wa plagi, mwingine na chuma cha mashine. Acha kama milimita 6 kwa mashine ya pointi, milimita 10 au 11 kwa CDI. Toa plagi zote ili mashine iwe nyepesi, uvute kwa kasi, maana CDI haitoi kitu flaiwili ikizunguka kivivu. Moto mzuri ni wa buluu na unasikika ukipasuka. Ule mwembamba wa rangi ya chungwa, au unaoruka mara moja ukakosa mbili, ni dhaifu.

Haina moto hata kidogo

Kwenye mashine ya silinda mbili, plagi zote mbili zikikosa moto kwa pamoja, tafuta kitu ambacho zote mbili hukitegemea. Ni nadra plagi mbili au koili mbili kufa asubuhi moja.

Anza na kibanio cha usalama, kile kinachofungwa kwa kamba kwenye mkono wa nahodha. Vibanio vya asili hupotea, na mahali pake utakuta kipande cha plastiki au waya uliokunjwa. Kikilegea kidogo tu, swichi iko nusu njia na moto umezimwa. Kitoe, kirudishe, bonyeza swichi mara nyingi kwa haraka ili kutu ya ndani iachie, ujaribu tena.

Kama bado, utenge waya wa kuzimia. Ufuate kutoka kwenye swichi hadi unapoingia kwenye CDI, kisha uuchomoe kwenye kiungio. Kwenye Yamaha nyingi ni mweupe, na mweusi ndio wa athi. Kwenye Johnson na Evinrude za CDI ni mweusi wenye mstari wa njano. Vuta kamba. Moto ukirudi, CDI yako ni nzima, koili zako ni nzima, na ugonjwa uko kwenye swichi au kwenye waya wake. Huna haja ya kununua chochote kikubwa. Lakini kabla ya kuiwasha mashine katika hali hii, ujue utaizima vipi, kwa sababu swichi haina kazi tena. Choki iliyofungwa kabisa huizima, na kuuchomoa mpira wa mafuta pia, ila kwa kuchelewa.

Swichi za mkononi, zile za kwenye mpini, hupata maji ya chumvi kila wimbi linaporuka. Zifungue uone kama kuna unga wa kijani ndani. Usipoteze muda kuzifufua ikiwa chuma cha ndani kimeliwa. Ni kifaa cha bei ndogo na kinashika uhai wa watu. Nimeona boti zikiendeshwa miezi mingi na waya wa kuzimia umetengwa kabisa kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyowaka mara ya mwisho. Nahodha akianguka majini, boti hiyo inazunguka na kumrudia na propela.

Baada ya swichi, athi. CDI, koili na mashine nzima hurudishia umeme kwenye chuma kupitia boliti na nyaya nyeusi. Chini ya boliti hizo alumini huota unga mweupe ambao haupitishi umeme. Zifungue zote, kwangua hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo, zikaze. Kazi hii ni ya msasa na spana ya namba 10 tu, na imefufua mashine nyingi zilizohukumiwa kufa.

Sasa kofia za plagi. Kofia nyingi za kisasa zina ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme unaopimwa kwa omu, wa karibu omu 5,000 ndani yake. Nyingine hazina kabisa na husoma karibu na sufuri. Mita isiposoma kitu chochote, kofia imekatika. Ifungue kutoka kwenye waya kwa kuizungusha. Shaba ikiwa nyeusi, kata sentimita moja, uirudishe kwenye shaba safi, kama waya una urefu wa kutosha.

Kisha koili zenyewe, kwa mita ya kawaida upande wa omu. Koili ya nje ina sehemu mbili: ya kuingilia, ambayo husoma kidogo sana, mara nyingi chini ya omu moja, na ya kutokea, ambayo husoma maelfu. Koili ya kujaza CDI na palsa huwa na vipimo vyake kwenye kitabu cha mashine, na kitabu hicho usikikisie, kitafute cha mfano wako hasa. Isiyosoma kitu imekatika ndani. Inayosoma chini sana imeungana ndani. Na hapa joto la Mombasa lina maneno yake: vipimo vya vitabuni kwa kawaida ni vya nyuzi 20, na ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Mashine iliyoachwa juani hadi nyuzi 45 itasoma kama asilimia 10 zaidi ya kitabu hata ikiwa nzima. Ipime asubuhi, kivulini, kabla hujaitupa koili nzuri.

Mita ya kawaida ukiiweka upande wa volti haitakwambia ukweli kuhusu CDI, kwa sababu umeme wake ni mapigo mafupi mno na mita husoma wastani. Panahitajika mita inayoshika kilele cha pigo, au kifaa kidogo cha kuongezea kwenye mita ya kawaida. Fundi wa kweli wa mashine za boti anacho. Mwambie akitumie.

Ikiwa swichi imetengwa, athi zimesafishwa, koili zote zinasoma sawa na flaiwili inazunguka kwa kasi, sasa una haki ya kulishuku sanduku la CDI. Njia ya uhakika ni kuazima la mashine nyingine ya mfano uleule inayofanya kazi, kulifunga kwa dakika chache na kuvuta kamba. Mombasa si vigumu kumpata jirani mwenye mashine kama yako. Jaribu hivyo kabla ya kununua, na usifanye hivyo kama hujamaliza hatua za juu, usije ukaliua la mwenzio.

Kwa mashine za pointi hadithi ni fupi na ya kuridhisha. Mashine iliyokaa ghalani msimu mzima wa kusi, ikavutwa kaskazi inapoanza, mara nyingi imekosa moto kwa sababu pointi zimevaa utando mwembamba ambao jicho halioni. Pitisha msasa laini sana katikati yake, kisha kipande cha kadi nyeupe kilicholoweshwa spiriti, urudie hadi kadi itoke safi. Weka mwanya kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya: Johnson na Evinrude za zamani hutaka milimita 0.5 pointi zikiwa zimefunguka kabisa, na plagi zake milimita 0.75. Pointi zilizoungua zikachimbika zinaonyesha kondensa imechoka. Badilisha vyote viwili pamoja. Na koili za umri huo, zitazame ganda lake. Zina sifa mbaya ya kupasuka, na iliyopasuka haitibiki, hata ikipiga moto leo.

Alfajiri haiwaki, mchana inawaka

Ugonjwa huu huwatesa wavuvi kuliko wote, kwa sababu wao hutoka alfajiri. Mashine imelala nje, umande umeshuka, mtu anavuta kamba hadi bega linauma. Saa nne jua likiwa juu inawaka kwa mvuto mmoja, na fundi aliyeitwa anasema hakuna tatizo.

Tatizo lipo. Chumvi iliyokauka juu ya koili, kofia na kaure ya plagi haina madhara ikiwa kavu. Ikinyonya unyevu, inageuka njia ya umeme. Moto badala ya kwenda kwenye ncha ya plagi unatambaa juu ya chumvi hadi kwenye chuma kilicho karibu. Jua likiikausha, njia inafungika. Kuweka plagi mpya hakusaidii sana, ingawa plagi yenye kaure safi itapiga siku mbili tatu na kukudanganya.

Ili kuiona kwa macho, funga mashine kwenye pipa la lita 200 lililojaa maji, usiku, taa zimezimwa. Iwashe, itembee taratibu bila kifuniko, nyunyiza ukungu wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kutoka kwenye chupa ya kupulizia, mbali na kabureta. Panapovuja utaona nyuzi za buluu zikitambaa. Usiguse kitu wakati huo, na mpira wa mafuta uwe hauna jasho hata tone.

Tiba yake ni maji baridi, si dawa. Osha koili, nyaya na kofia kwa maji yasiyo na chumvi na brashi laini, zikauke kabisa, kisha paka grisi ya silikoni ndani ya kofia na juu ya viungio. Waya wenye ngozi iliyopasuka ubadilishwe. Dawa za kupulizia husaidia kufukuza maji, lakini zikipulizwa juu ya chumvi zinaifunika tu, na kesho asubuhi mnarudi palepale.

Kifuniko nacho kikaguliwe. Mpira wake wa pembeni ukiwa umeoza au kibanio kimevunjika, kila wimbi linaingia ndani na kazi yote unaifanya upya.

Inawaka vizuri, ikipata joto inazima

Huu ni kinyume cha ule, na unatisha zaidi kwa sababu mashine hukuzimia mbali. Inakwenda robo saa, nusu saa, inanyamaza. Ukingoja inapoe inawaka tena, halafu inanyamaza mapema zaidi.

Ondoa kwanza mambo mawili yasiyo ya umeme yanayofanana na haya. La kwanza ni tundu la hewa la kifuniko cha tangi: likifungwa, tangi linajivuta ndani na mafuta yanakatika baada ya muda. La pili ni maji ya kupoza. Mashine isiyokojoa vizuri, yaani isiyotema maji ya kupoza kwa nguvu, inapata joto na pistoni inabana. Ukiendelea kuivuta unaiua. Kojo lake likiwa jembamba, shughulika na pampu ya maji, umeme ungoje.

Vikiwa sawa, shuku koili na palsa, na CDI baada yake. Waya mwembamba uliokatika ndani ya koili hugusana ukiwa baridi na kuachana chuma kinapotanuka. Lazima uipime ikiwa moto, ndani ya dakika ile ile iliyozima. Ukingoja hadi ufike pwani, ushahidi umepoa. Wanaoweza kwenda na kipimo cha moto na mita ndani ya boti wapime hapo hapo, mpira wa mafuta ukiwa umechomolewa, tangi limefungwa na boti imetia nanga. Kwa wengine, nchi kavu kuna njia nzuri: chukua draya ya kukaushia nywele, pasha kifaa kimoja kimoja hadi kiwe cha moto mkononi, ukipima omu na moto kila mara. Kifaa kinachokata moto kikipashwa ndicho mgonjwa wako.

Usikubali kubadilishiwa vitu vitatu kwa mpigo kwa ugonjwa huu. Mashine ikipona hutajua kilichoiponya, na ugonjwa ukirudi hutajua pa kuanzia.

Inavuta na silinda moja

Mashine inawaka, lakini inatetemeka, haina nguvu, na mashua haipandi juu ya maji. Iweke kwenye pipa, ipeleke kwa athi plagi moja baada ya nyingine kwa kifaa chenye mpini usiopitisha umeme. Silinda ambayo ukiizima mashine haibadiliki sauti ndiyo iliyolala.

Badilishana plagi baina ya silinda. Ugonjwa ukihama na plagi, umemaliza. Angalia herufi na namba zake kwa makini, hasa ukinunua mahali usipopajua. Kwenye plagi za NGK, namba ya katikati inaonyesha ubaridi: B8HS ni baridi kuliko B7HS. Ikimalizia kwa -10, mwanya wake ni milimita 1.0. Herufi R ina maana kuna ukinzani ndani. Plagi inayoingia kwenye tundu si lazima iwe plagi ya mashine yako. Na zipo za bandia: maandishi yanayofutika kwa kidole, uzi uliokatwa vibaya, kaure inayozunguka ukiishika. Ziache dukani.

Ugonjwa usipohama, na mashine yako ina koili mbili, badilishana koili. Ukihama na koili, ni koili. Ukibaki kwenye silinda ileile, rudi nyuma kwenye palsa na CDI. Lakini mashine nyingine zina koili moja yenye nyaya mbili na plagi zote hupiga pamoja: umeme hutokea upande mmoja na kurudi kupitia wa pili. Huko plagi moja ikikatika, ya pili nayo hudhoofika, kwa hivyo usimwamini anayekwambia upande mmoja ni mzima kabisa.

Kama moto ni mzuri pande zote na bado silinda imelala, pima mgandamizo, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Huenda tatizo si la umeme tena.

Kamba inakunyang'anya mkono

Ukivuta, mashine inarusha nyuma, kamba inarudi kwa nguvu, au inalipua kwenye kabureta. Moto upo, ila unakuja wakati usio wake. Kati ya flaiwili na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna kii, kijichuma kidogo laini kinachoshikilia flaiwili mahali pake. Mashine iliyogonga mwamba au iliyofungwa nati ya flaiwili bila kukazwa vizuri hukikata nusu, na flaiwili inasogea milimita chache. Inatosha.

Flaiwili itolewe kwa pula, kifaa cha kuivutia nje. Nyundo juu ya krenki hupinda krenki na hupasua sumaku, na sumaku iliyoachia gundi yake itasaga koili zote za chini. Ukiifungua, zitazame sumaku hizo hata kama hukuja kwa ajili yake. Koni ya krenki ifutwe iwe kavu, bila grisi, na nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu.

Haizimiki

Waya wa kuzimia umekatika, au athi ya swichi imeliwa. Funga choki, izime, utengeneze siku hiyo hiyo.

Nyaya

Umekwisha kuona kwamba karibu kila njia inarudi hapa. Waya wa shaba usiopakwa bati hunyonya chumvi kutoka kwenye ncha na kuwa mweusi ndani ya ngozi, sentimita nyingi kutoka kwenye kiungio, na kwa nje unaonekana mzima. Uchune kidogo. Ukiwa mweusi, kata hadi kwenye shaba inayong'aa au ubadilishe wote kwa waya uliopakwa bati, wenye nyuzi nyingi. Waya mgumu wa nyumba wenye uzi mmoja usiuweke kwenye mashine, mtetemo utauvunja.

Kusokota nyaya mbili na kuzungushia tepu nyeusi ndiyo kazi inayofanywa zaidi pwani na ndiyo inayoharibika zaidi. Tepu huachia, maji ya chumvi huingia na hayatoki. Tumia kiungio cha kubana chenye mrija wa plastiki unaonywea kwa joto na wenye gundi ndani. Kulehemu pekee kunaufanya waya uwe mgumu pembeni mwa kiungo, na hapo ndipo hukatika. Kisha ufunge waya usicheze, mbali na flaiwili na mahali penye moto.

Ya ufunguo: stata na kuchaji

Kwa mashine inayowashwa kwa ufunguo, ukizungusha ufunguo ukasikia "tak" moja, pima betri. Volti 12.6 ikiwa imetulia ni betri iliyojaa, 12.2 ni kama nusu, chini ya 12 haina kitu. Ipime tena mtu akizungusha ufunguo: ikianguka chini ya 9.6, betri imechoka, au kuna kitu kinachovuta kupita kiasi. Ikibaki juu na stata, mota ya kuizungusha mashine, haizunguki, umeme hauifikii. Weka mita kutoka kwenye nguzo ya betri hadi mwisho wa kebo yenyewe wakati wa kuzungusha. Zaidi ya nusu volti inayopotea njiani ni kiungo kibovu, na mara nyingi utakishika kwa mkono kikiwa cha moto. Ukikosa hata "tak", nenda kwenye fyuzi, kisha swichi ya nyutro ya gia, kisha solenoidi, swichi nzito inayoipelekea stata umeme.

Mashine inayotembea, betri inatakiwa ionyeshe kati ya volti 13.5 na 14.5. Isipopanda, rektifaya, kifaa kinachougeuza umeme wa mashine uwe wa kuchaji betri, ndiyo ya kwanza kushukiwa, kwa sababu kugeuza nyaya za betri hata kwa sekunde huiua, na kuichomoa betri mashine ikitembea pia. Ikipita 15, betri inachemka. Mashine nyingi za zamani hazina kifaa cha kudhibiti volti za kuchaji, kwa hivyo safari ndefu kwa kasi na betri ndogo ni hatari kwa betri.

Imezama

Boti imepinduka mwambani, mashine imekunywa bahari. Ikiwa ilikuwa inatembea ilipozama, usiivute kwa nguvu. Huenda imepinda ndani. Ikiwa inazunguka kwa wepesi na haina mchanga, ifanyie kazi siku ile ile, maana chuma chenye maji ya chumvi kikikutana na hewa huanza kuliwa papo hapo. Kama hakuna fundi hadi kesho, iache ndani ya pipa la maji baridi, imezama yote.

Ioshe yote kwa maji baridi, toa plagi, ilaze matundu yakitazama chini, vuta kamba polepole hadi maji yaishe. Weka oili kwenye silinda. Fungua kila kiungio cha umeme, suuza, puliza hewa kavu, paka grisi ya silikoni. Swichi na stata zifunguliwe, hazijikaushi zenyewe. Safisha kabureta na tangi, weka plagi kavu, iwashe kwenye pipa na uiache itembee angalau nusu saa ili joto lifukuze unyevu uliobaki. Siku chache baadaye vifungue viungio vile vile tena. Ukikuta ukijani hata mmoja, rudia kuosha kabla hujaipeleka nje ya mwamba.